Afunge au Afungwe

Neno likisha kusomwa mimbarani halibishiwi. Katika usharika wa Kwekilindo, ulioko juu mgongoni mwa mlima kabla mtu hajafika Mtae, mtoto huijua sheria hiyo kabla hajajua kutenganisha mkono wa kuume na wa kushoto. Abishaye huondolewa katika benchi lake, huketishwa nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na wanawake wenye watoto wasumbufu na watu waliochelewa, wala haruhusiwi kufungua Kitabu mbele ya watu hata Pasaka ifike na mchungaji amrudishie mkononi. Haikuandikwa popote. Wengine husema waliileta wamisionari. Wengine husema ni ya wazee wa kwanza waliobatizwa, ambao walikuwa wakali kuliko wamisionari wenyewe.

Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Mwalimu Kornelio. Alikuwa mzee aliyenyooka mwili na maneno, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na msomaji wa masomo ya Jumapili tangu ujana wake. Alisoma kama mtu apandaye ngazi za mawe: kila neno alilikanyaga lote kabla ya kuliacha. Hakuogopa kwamba Kitabu kingeweza kukosea, kama vile hakuogopa kwamba jua lingeweza kuchomoza upande wa nyika ya Mkomazi.

Yunis seremala aliwahi kuujaribu ukali huo. Jumapili moja alisimama katikati ya ibada akauliza, kwa sauti ya mtu aulizaye bei ya misumari:

"Samahani, Mwalimu. Mathayo anasema Yuda alijinyonga. Kitabu cha Matendo kinasema alianguka akapasuka. Mimi nachonga majeneza, napenda kujua: marehemu huyu alikufa kwa kamba au kwa kuanguka?"

Watu walicheka, lakini kicheko kiliwafia kooni walipouona uso wa Kornelio. Pasaka ilikuwa imepita wiki chache tu, kwa hiyo Yunis aliitumikia adhabu yake karibu mwaka mzima. Ilipokwisha alikataa kurudi mbele. Alisema kule nyuma kuna upepo mzuri, na tena mtu huwaona wanaosinzia.

Kornelio alikuwa na mjukuu, jina lake Shukrani, binti wa Benjamini. Benjamini mwenyewe alifanya kazi bondeni, Mazinde, akipanda mlimani mara chache kama mvua ya kiangazi. Mkewe, Secilia, ndiye aliyekaa na mtoto katika nyumba iliyopakana na ya baba mkwe. Shukrani alikuwa na kifafa. Kilimshika tangu alipoanza shule, na siku moja kilimwangusha motoni jikoni, mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu linalong'aa kama ganda la kitunguu. Vidonge kutoka hospitali ya Lushoto vilimtuliza, hata miezi ikapita bila kuanguka. Lakini vidonge vilimtia usingizi darasani, watoto wakamcheka, na mama yake aliposikia wakimwita Gogo alilia kuliko siku ile ya moto. Secilia alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto apone, wala asitulizwe tu.

Jumapili moja ya vuli, somo lilikuwa lile la baba aliyemletea Yesu mwanawe mwenye kifafa, ambaye alikuwa akianguka motoni na majini. Kornelio alilisoma katika Kitabu chake cheusi cha zamani, mpaka aya ya ishirini na moja, inayosema kwamba pepo wa namna ile hawaondoki bila kusali na kufunga. Alipofika kwenye neno la mwisho alitua, kama alivyofundishwa kutua penye neno zito. Kanisa zima liligeuka likamtazama Secilia.

Baada ya ibada mvua ilikuwa ikipiga mabati hata watu wakasemezana kwa ishara. Secilia alimfuata baba mkwe wake barazani. Alisimama ubavuni, kama inavyompasa mkamwana, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu, sauti yake ikiwa chini. Kornelio aliinamisha sikio lake lililo zima. Alichosikia ni hiki:

"Baba, kwa hiyo ndiyo kusema mtoto afunge?"

Akafikiri: kukosa mlo mmoja hakujamwua mtu. Yeye mwenyewe shuleni, siku za Kwaresima, alishinda na njaa akakata kuni.

"Neno limesema, mwanangu. Tangu lini tukalibishia?"

"Hata akilia?"

"Mtoto hulia akinyimwa lolote. Ni kwa faida yake."

"Ahsante, Baba," Secilia alisema, akaingia mvuani.

Kesho yake asubuhi, Kornelio alikaa dirishani na Kitabu kipya chenye maandishi makubwa, ambacho mchungaji alikuwa amempa kwa sababu macho yake yalikuwa yakipungua. Alitaka kulirudia somo la jana, kwa kuwa lilikuwa limemkaa moyoni. Alisoma aya ya kumi na tisa, akasoma ya ishirini, kisha akaanza kusoma ya ishirini na mbili. Akarudi. Akalamba kidole, akabandua ukurasa akidhani kurasa mbili zimegandana. Hazikugandana. Basi akavaa koti lake, akachukua mwavuli na Kitabu hicho, akashuka kwenda kwa mchungaji, naye njia nzima alikuwa akiitunga hotuba ya kuwashtaki wachapaji.

Mchungaji Zabron alikuwa kijana mpole ambaye alimwamkia hata kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wachapaji wametuibia."

"Wametuibia nini tena?"

"Aya. Mathayo, sura ya kumi na saba. Wanahesabu ishirini, halafu ishirini na mbili. Mtoto wa darasa la pili angechapwa."

Mchungaji alicheka kidogo, kisha akaacha. Alifunga mlango wa ofisi.

"Hawakuiba. Tazama chini ya ukurasa, penye maandishi madogo."

Kornelio alitazama. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi. Yalisema kwamba baadhi ya nakala za kale zina aya hii, na yakaitaja hapo chini, nje ya nyumba yake.

"Nakala kongwe zaidi hazina," Zabron alisema. "Hapakuwa na wachapaji wakati huo, Mwalimu, watu walinakili kwa mkono. Wanazuoni wanaona kwamba mnakili fulani aliijua habari ile ile kwa Marko, akaileta kwa Mathayo ili Injili mbili zisipishane. Na hata kwa Marko, nakala kongwe zinataja sala peke yake. Neno hilo kufunga liliingia baadaye."

"Nani aliyeliingiza?"

"Hakuna ajuaye. Labda mtu mwema aliyekuwa akifunga sana. Aliandika pembeni, na aliyemfuata akadhani la pembeni ni la ndani."

Kornelio alihisi kama mtu apandaye ngazi gizani, akainua mguu kukanyaga ngazi ya mwisho, nayo haipo.

"Ulijua haya jana nilipokuwa nikisoma?"

"Nilijua tangu chuoni."

"Ukanyamaza."

"Jana ulisoma vizuri sana, Mwalimu."

"Sikuulizi habari ya sauti yangu!"

Zabron aliinamisha kichwa. "Ningesema nini? Nisimame nilibishie Neno mimbarani? Ungeniketisha na Yunis." Kisha aliendelea polepole. "Mimi nalichukulia kama mfereji wetu utokao msituni. Umepita mashamba mengi kabla haujafika kwetu. Majani yameingia njiani. Lakini maji ni yale yale, nami nayanywa kila siku, wala sijapata kiu."

"Majani huchujwa kabla mtoto hajanywa," Kornelio alisema. Alipokwisha kulitamka neno hilo, mtoto, alikumbuka swali la barazani. Mtoto afunge. Na vidonge vya Shukrani humezwa asubuhi kwa uji. Alisimama ghafula hata mwavuli ukaanguka.

"Njoo pamoja nami, useme haya uliyoyasema."

"Nitakuja kesho asubuhi, Mwalimu. Leo nina maziko ng'ambo ya bonde."

Njiani Kornelio alimkuta Twaha, jirani yake, akipakia kabichi katika pikapu yake kuukuu. Familia zao ziligawana mpaka na mfereji tangu enzi za babu zao, na Twaha, ingawa ni Mwislamu na ni mdogo kwake, alikuwa na ruhusa ya kumtania ambayo hata wazee wa kanisa hawakuwa nayo.

"Onga mshi, Mwalimu," alimsalimu kwa Kishambaa cha mchana, kisha akaongeza heshima, "shikamoo. Hebu niambie, kwenu kumeandama mwezi gani? Nyimbo tangu jana jioni, na jikoni kwa Mama Shukrani hapatoki moshi. Mmeingia Ramadhani bila kutualika?"

"Ni maombi ya mtoto."

"Na mgonjwa naye kafunga?" Tabasamu la Twaha lilififia. "Sisi mgonjwa husamehewa, akalipa siku akipona. Ninyi hamna nafasi hiyo?"

Kornelio aliigeukia pikapu. "Gari lako lina mafuta?"

"Lina kabichi. Mafuta yapo."

"Usiende mbali leo, wala kesho."

Twaha aliutazama uso wa mzee, akaacha kutania. Aliyateremsha matenga ya kabichi chini, moja moja.

Nyumba ya Secilia ilikuwa imejaa wanawake wa kikundi cha maombi. Kiongozi wao, Evelina, alitoka mlangoni kumpokea Kornelio. Huyu hakuwa mtu mbaya, na msomaji asimdhanie hivyo. Alikuwa mjane ambaye hakuna mgonjwa Kwekilindo aliyekosa kunyweshwa uji kwa mkono wake. Midomo yake ilikuwa imekauka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa ametia hata maji kinywani.

"Karibu, Mwalimu. Bwana anatenda. Hajaanguka tangu jana."

"Vidonge amemeza?"

"Vidonge humezwa kwa maji, na maji ni kuvunja mfungo. Kesho adhuhuri tunafungua, atakunywa."

Upepo ulisogeza pazia la chumba. Kornelio aliona kitanda, akaona miguu ya mjukuu wake, kisha akaona mikono. Mikono ilikuwa imefungwa kwa vipande vya kanga kwenye mbao za kitanda, mmoja huku na mmoja huku, na lile kovu liking'aa juu ya fundo.

"Mbona amefungwa?" Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nani amemfunga?"

Secilia alitoka chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa, alimtazama baba mkwe wake machoni.

"Baba, nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza, mtoto afungwe? Ukasema Neno limesema. Nikakuuliza, hata akilia? Ukasema ni kwa faida yake."

"Nilisikia afunge!"

"Mimi nilisema afungwe." Secilia hakupaza sauti. "Bibi yangu alimfunga mjomba wangu hivyo hivyo alipokuwa akianguka. Kwa kamba za katani. Akatuambia ndivyo ilivyoandikwa, kusali na kufunga. Tangu utoto wangu ndivyo nilivyolijua Neno hilo, na jana nimekusikia wewe ukilisoma."

Herufi moja. Mvua ilikuwa imeimeza herufi moja juu ya mabati, naye alikuwa ameyajibu yaliyobaki kwa ukamilifu wa mtu asiyekosea.

"Kufunga ni kuacha kula," alisema. "Si kamba! Evelina, wewe umesoma, mwambie."

"Najua, Mwalimu," Evelina alijibu kwa upole. "Lakini tulipomwona mama ana hofu ya moto, tukasema, Neno la Bwana ni pana. Sisi tumefunga, na mtoto tumemfunga asije akaanguka. Tumeyatimiza yote mawili. Kuna ubaya gani?"

"Aya yenyewe haimo!" Alikifungua kile Kitabu kipya. "Tazama. Ishirini, ishirini na mbili. Nakala za kale hazina. Mtu aliiongeza."

Evelina hakutazama ukurasa. Alimtazama yeye, na machoni pake hamkuwa na hasira hata kidogo. Mlikuwa na huruma, kama mtu amtazamavyo mzee aliyeanza kusahau majina ya watoto wake.

"Mwalimu, nani alinifundisha kipaimara?"

"Mimi."

"Ulitukaririsha nini juu ya mtu apunguzaye maneno ya Kitabu?"

Aliijua laana ile ya mwisho wa Ufunuo. Alikuwa ameikaririsha vizazi vitatu kwa fimbo mezani.

"Basi hicho kilichopunguzwa warudishie wenyewe," Evelina alisema. "Sisi tutabaki na ulichotusomea."

Akarudi ndani, na wanawake wakaanza wimbo. Kornelio alisema tena, akasema kwa nguvu, lakini wimbo uliyafunika maneno yake, na wengi wa waimbaji walikuwa watoto aliowafundisha kusoma. Kutoka nyuma ya pazia alisikia sauti ya Shukrani ikiita, "Babu? Babu, ni wewe?"

Kati yake na pazia palikuwa na hatua chache. Lakini baba mkwe haingii chumba cha mkamwana. Sheria hiyo ni kongwe kuliko kanisa la Kwekilindo, na hakuna mmisionari aliyewahi kuigusa. Miguu yake ilikataa kwa namna ambayo hakuwahi kuiona miguu ikikataa. Alisimama mlangoni, Kitabu mkononi, kama mtu aliyeleta mzigo katika nyumba isiyo yake.

"Ni mimi, mama," aliita. "Vumilia kidogo."

Hakujua mwenyewe anamwambia avumilie nini.

Alimpigia Benjamini simu. Benjamini alisikiliza, akavuta pumzi. "Baba, mimi niko huku chini nitasema nini? Mama yake yupo, kanisa lipo, na wewe upo." Kornelio alikata simu. Kweli, alikuwapo.

Kesho yake asubuhi Mchungaji Zabron alikuja kama alivyoahidi. Kornelio alimpokea njiani, akamshika mkono kama mtoto amshikavyo mkubwa. "Sema tu. Wewe watakusikiliza." Zabron aliingia sebuleni, akawaona wanawake wale wamechoka, macho yamewaingia ndani, nyuso zao zikimgeukia kwa matumaini makubwa hata mtu angeona haya kuyagusa. Alifungua kinywa. Kornelio, mlangoni, aliyaona maneno yakifika kwenye meno ya mchungaji na kurudi.

"Ndugu zangu," Zabron alisema, "tuombe."

Wakainamisha vichwa. Walikuwa katikati ya sala hiyo kitanda kilipoanza kugonga ukuta.

Safari hii Kornelio alivuka. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita; alikumbuka tu pazia likimshika usoni na Secilia akilia, "Baba!" kwa mshangao kabla ya hofu. Shukrani alikuwa akirukaruka kitandani, mikono ikivuta mafundo, povu mdomoni. Mzee alilishika fundo la kwanza. Kanga iliyolowa jasho hukaza ikivutwa; kila mtoto alivyojikunja, fundo lilizidi kuwa jiwe. Kucha zake ziliteleza. Aliuma kwa meno, na meno yake hayakuwa mengi. Mchungaji alishika fundo la pili, naye hakuliweza.

"Twaha!" Kornelio alipiga ukelele ambao haukuwahi kutoka katika kifua kile. "Twaha, kisu!"

Twaha aliingia na kisu chake cha kukatia kabichi, akasema "Bismillahi," akakata mara mbili.

Barabara ya kwenda Lushoto ni ndefu, na mvua ilikuwa imeichimba. Secilia alikaa mbele amempakata binti yake, Kornelio alikaa nyuma juu ya majani ya kabichi, akitazama kupitia kioo. Degedege lilikoma, likaanza, likakoma, likaanza. Kila lilipoanza Twaha aliongeza mwendo, na kila mashimo yalipozidi alipunguza, akimlaani aliyeitengeneza barabara na kumwomba Mungu katika pumzi ile ile. Kornelio alitaka kuomba. Alilijua kila ombi lililomo katika kitabu cha ibada. Hakuna hata moja lililokuja.

Hospitalini daktari kijana aliyaona malengelenge ya vifundo vya mikono, akauliza, "Nani alimwachisha dawa?"

Secilia aliangalia sakafu.

"Mimi," Kornelio alisema.

Walimtuliza jioni. Siku zilipita kabla macho hayajafunguka, na yalipofunguka yalikuwa macho ya Shukrani, lakini mwenyewe hakurudi nayo. Alipoitwa hakugeuka. Maneno yalimpotea yote, hata jina la mama yake, na mkono wa kulia ukawa mlegevu. Daktari aliwaeleza kwamba ubongo ulikuwa umekosa hewa muda mrefu mno. Kornelio alimwuliza kama kuna dawa. Daktari alimpa vidonge vile vile vya zamani, ili asianguke.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, Kornelio alipanda mimbarani kama desturi. Hakufungua Kitabu.

"Aya niliyowasomea juu ya kusali na kufunga," alisema, "haimo katika nakala za kale. Iliongezwa na mtu tusiyemjua. Mimi niliisoma kama iliyotoka kinywani mwa Bwana, na mkamwana wangu aliponiuliza neno, nilimjibu kabla sijamsikia. Nimekwisha."

Baada ya ibada wazee walikaa. Evelina aliitwa, akalia hata akashindwa kusema. Mwishowe alisema tu kwamba kama wangefunga mpaka adhuhuri, labda. Mchungaji Zabron alimvuta Kornelio pembeni.

"Mwalimu, sema tu kwamba ulisoma vibaya. Macho yako yamepungua, kila mtu anajua. Litakwisha hapa hapa."

"Nilisoma vizuri sana," Kornelio alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia."

Zabron aliona haya. Walirudi ndani, naye akaitamka hukumu akiwa ameinamisha macho: amelibishia Neno lililosomwa, benchi la nyuma, asifungue Kitabu hata Pasaka. Wazee wote waliinua mikono. Wa mwisho kuinua alikuwa Kornelio, kwa kuwa naye alikuwa mzee wa kanisa, na hapakuwa na sheria iliyomkataza.

Jumapili iliyofuata Yunis alisogea kumpa nafasi. "Karibu, Mwalimu. Huku kuna upepo." Kisha akaona neno hilo halikufaa, akavua kofia yake ingawa walikuwa tayari wamo kanisani na alipaswa kuwa ameivua zamani.

Upande wake wa pili aliketishwa Shukrani. Sasa alikuwa akitoa sauti wakati wa ibada, sauti ndefu isiyo na neno, kwa hiyo mahali pake palikuwa pale mlangoni, pamoja na watoto wasumbufu. Jumapili baada ya Jumapili mzee aliushika ule mkono mlegevu, akaupasha joto. Vuli ilikwisha, baridi ya asubuhi ikapungua, masika ikaanza kunguruma upande wa Mponde. Msomaji mpya alikuwa kijana aliyesoma haraka, akirukaruka vituo, na Kornelio hakumrekebisha. Nyakati nyingine Shukrani alitoa sauti yake mahali hasa pa kutua, naye mzee akashtuka.

Secilia hakumnunia. Kununiwa kungekuwa rahisi zaidi. Alimletea chakula, alimfulia koti. Ila kila alipokuwa na neno la kumwambia, alikuja karibu, akamtazama mdomo, akasema mara mbili. "Baba, uji uko tayari. Uji uko tayari." Kisha akangoja mpaka mzee arudie alichosikia. "Uji uko tayari," Kornelio alisema, na hapo tu ndipo alipokwenda zake.

Pasaka ilifika. Mchungaji Zabron alishuka madhabahuni na kile Kitabu cheusi cha zamani mikononi, akapita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni. Kanisa zima liligeuka kama lilivyogeuka siku ile.

"Mwalimu Kornelio, adhabu yako imekwisha. Pokea, usome."

Mzee alisimama. Alikipokea Kitabu, akakifungua mbele ya watu wote, kama sheria inavyotaka, ili ionekane kwamba amerudishiwa. Midomo yake ilitikisika, nao waliokuwa karibu walidhani anaanza kusoma. Kisha akakifunga taratibu, akamrudishia mchungaji, akaketi pale pale alipokuwa.

"Adhabu ya kwenu nimeimaliza, Mchungaji," alisema, akaushika tena mkono wa mtoto.